Lori la Buluu la Dobi

Kukhu, nyanya yangu,

Jumamosi iliyopita walikuita mwongo kabla ya chai, na chai ilipoletwa wakakuita mwizi. Aliyesema ni mtu mmoja, amekaa kwenye kiti kimoja, na lori lako la buluu lilikuwa mbele yake mezani, juu ya kitambaa ulichofuma mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaweza kulizungumza jambo hili bila kupaza sauti, na unajua mjukuu wako si mtu wa kupaza sauti. Kwa hiyo nakuandikia. Na barua yenyewe naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu waliokusema walikusema mbele ya watu.

Nianze na lori, maana wengine watakaosoma hawalijui. Ni lori la kuchezea, la chuma, linatosha kiganjani. Kichwa chake ni cha buluu, nyuma ni rangi ya maziwa, na chini ya tumbo limeandikwa jina la kiwanda cha Uingereza kilichofungwa kabla sijazaliwa. Watu wazima, Kukhu, wanaume wenye kazi zao na ndevu zao, hukusanya vitu hivi. Wanavipanga kwenye kabati za vioo kama ulivyopanga sahani zako za wageni, na wanabishana kwenye simu kama rangi fulani ni ya kiwandani au ni ya juzi. Wewe hukuwa mkusanyaji. Ulikuwa na lori moja tu ndani ya mkebe wa majani ya chai, nyuma ya zile sahani.

Likizo za Agosti, mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati pale kwako Musanda na hakuna tena wa kutoka nje, uliushusha mkebe.

"Fumba macho," uliniambia, ukaniwekea kitu mkononi. "Haya, ni nini?"

"Lori."

"Najua unajua ni lori. La nini?"

"La chuma."

"Nani amekwambia si la plastiki?"

"Ni baridi. Na ni zito kuliko linavyoonekana."

"Umeliona saa ngapi na umefumba macho?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi chuo kikuu na kurudi nalo. "Macho yako yanapenda sana rangi. Mkono haujui rangi."

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kupima vitu. Yai ulilitikisa karibu na sikio. Pasi ya makaa uliisogeza karibu na shavu, hukuigusa, ukajua kama itaunguza kola. Ulikuwa dobi kwenye nyumba za mainjinia wa kiwanda cha sukari, wakati wazungu walikuwa bado wanaishi pale, na ulikuwa ukisema shati la mtu linakwambia anavyokaa, anavyokula, na kama amegombana na mkewe. Lakini hukuwahi kuniambia linakwambia kama mtu ni mwizi. Hilo ilinibidi nilisikie kutoka kwa wataalamu.

Ulinieleza lori lilivyokuja. Ulinieleza mara moja tu, nikiwa darasa la sita, na sikuomba unieleze tena kwa sababu sikuona sababu ya kutoamini. Mtoto wa injinia aliliacha njiani, pale gari la baba yake linapoegeshwa. Injinia alirudi nyuma bila kuangalia, akalikanyaga. Magurudumu ya mbele yakang'oka. Mtoto akalia, na mama yake, ambaye alikuwa na mambo mengine asubuhi hiyo, akaliokota na kukupa pamoja na nguo chafu.

"Beti, tupa hii."

"Memsaab, naomba."

"Chukua, chukua."

Ndiyo hadithi yote. Haikuwa na shukrani wala kisa cha mzungu mwema. Mtu alisema tupa, wewe ukasema naomba. Ukalipeleka nyumbani kwa mtoto wako wa kwanza, ambaye ni Baba.

Sasa niseme kuhusu mwavuli wako, ingawa siku zile sikujua kwamba nao utaitwa kutoa ushahidi. Ulikuwa mweusi, wenye mpini wa mbao, mzito kama fimbo ya askari. Upande mmoja ulikuwa umelegea, kitambaa kinaning'inia kama sikio la mbuzi. Tulipokuwa tukienda kanisani kwenye mvua uliuzungusha mkononi kila mara mpaka upande mzima uwe juu yangu na ule uliolegea uwe juu yako, na tukifika bega lako la kushoto lilikuwa limelowa. Watoto wa shule ya Jumapili walicheka. Mimi niliona aibu kwa niaba yako, nikasema, "Kukhu, mwavuli wako umechoka."

"Haujachoka. Ubavu wake mmoja ulienda kazi."

"Utarudi lini?"

"Kazi ikiisha."

Nilidhani ni mzaha wako tu, kama ule wa kusema jogoo wa jirani ameokoka. Fundi wa miavuli pale Ekero alikubadilishia kitambaa, na nilikuwepo alipotaka kuweka na waya mpya mahali palipokosekana. Ukamkatalia. Baba alikuletea mwavuli mpya wa kukunja kutoka Kakamega. Ukamshukuru vizuri sana, na Jumapili iliyofuata tukauona mkononi mwa mama wa kwaya.

Kuhusu Baba unajua zaidi yangu, lakini sina hakika unajua kwamba ninajua. Alinisimulia tukipalilia mahindi, akiwa amenipa mgongo, maana yeye mambo mazito huyasemea kwenye udongo. Aliposhika lori lile mara ya kwanza lilikuwa zima, linatembea moja kwa moja hata kwenye udongo wa uani. Akalipeleka shuleni. Mtoto wa karani wa kiwandani akasimama mbele ya wenzake akasema, "Mama yake ni dobi wa wazungu. Ameiba." Wakamwimbia hivyo njia nzima hadi nyumbani, katikati ya miwa, mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kuwanyamazisha.

Alikuuliza. Ukamjibu, "Nilipewa. Lilikuwa limekanyagwa na gari."

Naye akasema, kwa akili ya mtoto wa miaka minane, "Kama lilikanyagwa, mbona ni zima?"

Ulilichukua, ukalitia kwenye mkebe, ukaenda kuteka maji. "Sikumuuliza tena," Baba alimalizia, akapiga jembe. Nikaelewa kwamba baba yangu, mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata kwa wakala wa miwa, ameishi karibu maisha yake yote akidhani mama yake huenda aliiba. Alikuheshimu, alikujengea nyumba ya matofali, alikuuguza. Lakini hicho kijiswali kilikaa ndani yake kama mchanga kwenye kiatu.

Unaona ninakoelekea. Mwaka mmoja baada ya kukuzika tulikuja kuweka msalaba wa saruji, tukasali, kisha tukakaa kugawa vitu vyako kama inavyofanywa. Pasi ya makaa ilikwenda kwa Senje Rosa, binti yako, na hakuna aliyebisha kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kuungua nayo. Kabati ilibaki nyumbani. Mkebe ulipofunguliwa, Baba akasema haraka, "Hicho msinipe mimi."

Hicho. Hakuliita hata lori.

Nikasema nitalichukua mimi. Na hapo hapo moyoni nikaamua kwamba nitajua ukweli wake, uwe mtamu au mchungu, halafu nitauleta na kuuweka mbele ya Baba. Unajua kazi yangu. Napima maji ya visima hapa Kakamega. Watu huleta chupa, mimi huandika kama maji ni safi au si safi. Siandiki aliyeyachota ni mtu wa namna gani. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kujivunia, mpaka nilipokutana na wapimaji wa malori.

Nilijiunga na kundi lao kwenye simu. Nilisoma kimya kimya kwa miezi, nikajifunza. Lori la aina yako, Kukhu, kiwanda kilitoa mengi mekundu. Ya buluu yalikuwa machache sana, na ndiyo yanayotafutwa. Wajanja huchukua jekundu, wakalichubua juu juu, wakalipaka buluu. Kwa hiyo anayepima kwa haki hutafuta wekundu uliojificha: ndani ya tao la gurudumu, kando ya misumari iliyogongwa chini ya tumbo, kwenye kona ambayo brashi haifiki. Akikuta buluu imekaa moja kwa moja juu ya chuma, bila rangi nyingine chini yake, hapo anaweza kusema ni halisi. Ni kazi ya kunyamaza na kuangalia. Niliipenda. Nilidhani watu wanaofanya kazi ya namna hiyo watakuwa na adabu.

Nilipotuma picha za lori na kueleza lilikotoka, jibu la kwanza lilikuja kabla picha ya pili haijafunguka. "Ya nyanya wa Kakamega? Madam, hiyo ni ya China. Pole." Wakacheka kwa vile vikatuni vya kulia machozi. Mmoja wao, Bwana Felix, ambaye ndiye wanayemwita mtaalamu, aliandika kwamba ana safari ya Kisumu na atafika Musanda, alitazame kwa macho yake, "ili tumalize story." Nikasema karibu.

Jumamosi asubuhi nilifika nyumbani, ambako nilikuwa nimeliacha lori ndani ya mkebe wake, nikamkuta Senje Rosa amechuchumaa karibu na bomba, mikono imejaa povu la kijivu. Kukhu, kaa chini kama bado hujakaa. Alikuwa analisugua lori lako kwa jivu na kipande cha gunia, vile mlivyokuwa mnasugua sufuria za harusi.

"Senje! Unafanya nini?"

"Mgeni anatoka Nairobi mpaka hapa, halafu tumpe kitu iko na uchafu ya miaka yote hiyo? Mama alikuwanga msafi, wewe."

"Hiyo ilikuwa rangi!"

"Rangi gani? Imetoka yenyewe." Akaliinua juu. Paa la kichwa lilikuwa jeupe peee, chuma kitupu, linang'aa. "Ona. Sasa ndiyo inafanana kitu."

Katika dunia ya wale watu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Lori chakavu lenye rangi yake ni dhahabu. Lililong'arishwa ni takataka. Lakini ningemwambiaje binti yako, uliyemlea kwa jivu na gunia, kwamba usafi ndio umeharibu? Nililifuta kwa khanga yangu nikalipeleka mezani. Sikumkasirikia, hata sasa simkasirikii. Ngoja uone jivu lake lilifanya nini.

Bwana Felix alikuja na gari refu na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alisalimu vizuri. Baba alimkaribisha, akakaa naye upande wa pili wa meza, mikono magotini. Mgeni aliangalia kabati, akaangalia vitambaa, akaangalia picha yako ya kanisani ukutani. Kisha akaangalia lori, akiwa amekaa vile vile, hakuligusa.

"Huyu nyanya alikuwa anafanya kazi gani?"

"Dobi," nilisema.

"Ah. Basi." Akaegemea kiti. "Madam, nitakuwa mkweli. Hizi za buluu, genuine, hazizidi za kuhesabu na mkono. Hii ni nyekundu imepakwa. Ama ni feki kabisa. Wazee wanapendanga kuambia wajukuu hadithi, si vibaya."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa mwongo. Alipima kabati, akapima kitambaa, akapima neno dobi, akatoa jibu. Kitu pekee ambacho hakupima kilikuwa mbele ya pua yake. Mimi nikileta ripoti ya maji bila kufungua chupa nitafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na nitastahili.

Senje alileta chai. Nilimwacha Bwana Felix anywe. Kisha nikatoa lenzi yangu ya maabara, nikalisukuma lori mpaka likagusa kikombe chake.

"Shika," nilisema.

"Madam, nimeshaona..."

"Hujashika. Shika, uangalie hapa, jivu lilipoishia. Niambie chini ya buluu kuna nini."

Nadhani ni sauti yangu iliyomfanya avae miwani. Pale Senje alipokomea kusugua palikuwa na ukingo, rangi imeliwa taratibu kutoka buluu hadi chuma, kama ufuko wa bwawa. Kama pangekuwa na wekundu chini yake, ungeonekana hapo kama uzi. Aliangalia. Akageuza. Akaangalia ndani ya tao la gurudumu, akatoa tochi ndogo, akaangalia misumari ya chini. Alikuwa bado anamulika Senje aliporudi kutoka jikoni na kijiko mkononi.

"Hakuna red," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Hakuna red mahali popote. Hii ni yenyewe. Hii kitu ni yenyewe!"

Nilimwangalia Baba. Nilijaa furaha ya kijinga, nikidhani tumefika. Na Bwana Felix, bado amelishika, bado anatabasamu, akamaliza sentensi yake.

"Sasa, dobi aliitoa wapi?"

Akatuangalia mmoja mmoja, akaendelea.

"Hapana, tuongee kama watu wazima. Hakuna mzungu anapeana kitu kama hii kwa mtu wa nguo. Hata wakati huo ilikuwa kitu ya bei. Mimi sihukumu, zilikuwa nyakati zao. Lakini tunajua vile hizi vitu zilikuwa zinatoka kwa hizo nyumba."

Kukhu, nilitaka kumwagia chai. Nakuambia ukweli, nilishika kikombe. Lori likiwa bandia, wewe ni mwongo. Likiwa halisi, wewe ni mwizi. Hapakuwa na lori lolote duniani ambalo lingekuacha mtu mwema, maana swali lenyewe halikuhusu lori. Na kilichonizuia nisimwage si adabu. Ni kwamba nilimwona Baba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa barua anayoijua tayari, akasema polepole, bila kumtazama yeyote, "Ndivyo walivyosema hata shuleni."

"Wewe Papa!" Senje Rosa alimpigia kelele kwa jina analomwita tangu utoto. "Unamwacha huyu mtu anaongea hivyo kwa nyumba ya Mama?"

"Nilimuuliza, Rosa. Nilimuuliza mbona ni zima. Hakunijibu."

Bwana Felix alihisi kwamba ameingia mahali pasipo pake, akafanya wanachofanya watu wa aina yake: akarudi kwenye kitu. Akaligeuza lori tumbo juu. Jivu la Senje lilikuwa limeondoa tope lililokauka huko chini tangu siku za udongo wa uani, na kila kitu kilionekana wazi kama siku ya kwanza.

"Ona sasa," alisema kwa huzuni ya kweli, huzuni ambayo hakuwa nayo kwa ajili yako. "Kumbe huku mbele mtu alikoroga. Ekseli si yake. Ya nyuma ni ya factory, mviringo, imejaa. Hii ya mbele ni waya tu, hata iko na mfereji katikati. Na hapa bodi ilikuwa imekunjika, ikanyooshwa na kitu kama nyundo. Aki, watu. Mtu alichukua kitu rare namna hii akaiweka waya ya... sijui hata ni ya nini."

Mimi nilijua ni ya nini. Nilijua kabla hajamaliza.

Niliinuka nikaenda chumbani kwako. Mwavuli wako ulikuwa pale pale nyuma ya mlango, umeegemea ukuta, maana kwenye kugawa vitu hakuna aliyeutaka. Nilirudi nao sebuleni nikaufungua juu ya meza, juu ya chai, juu ya kichwa cha mgeni. Upande mmoja ukaning'inia. Nikauzungusha mpaka pale pasipo na waya, na kwenye kitovu chake kikabaki kisiki kifupi, kimekatwa kwa patasi au kisu cha miwa, sijui ulitumia nini. Nikamwomba Bwana Felix asogeze lori. Nikaweka kisiki karibu na ekseli. Unene ni huo huo. Mfereji ni huo huo, mwembamba, katikati. Hata kutu ni ya rangi moja.

"Ubavu wake mmoja ulienda kazi," nilisema. "Lilikanyagwa. Alipewa likiwa limevunjika, akaambiwa atupe. Akavunja mwavuli wake akalitengeneza. Hiyo ndiyo sababu lilikuwa zima, Baba. Lilikuwa zima kwa sababu alilitengeneza vizuri."

Senje aliweka kijiko chini. Baba alinyoosha mkono, nikampa mwavuli. Alikigusa kile kisiki kwa kidole gumba, akakigusa tena.

"Nilikuwa naona haya kutembea naye chini ya mwavuli huu," alisema. "Nikienda shule mvua ikinyesha nilitangulia mbele, nilowe, ili wasinione nao."

Bwana Felix alikohoa. Na sasa sikiliza mtu alivyo. "Story ni nzuri," alisema. "Kwa kweli ni nzuri. Lakini kwa upande wa hali yake, hiyo ekseli inaishusha sana. Na paa. Hata hivyo mkitaka kuiuza, mnitafute mimi kwanza."

Hakuomba radhi. Nimerudia siku ile kichwani mara nyingi kutafuta kama labda aliomba kwa sauti ndogo nisisikie. Hakuomba. Alikula chakula cha mchana, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akasifu mchuzi. Senje Rosa alikuwa amechinja jogoo kwa heshima yake, na tangu asubuhi firigisi ilikuwa imetengwa ya mgeni. Sahani zilipokuja alipata shingo. Mtu mzima, mgeni, mwanamume, akapewa shingo mbele ya mwenye nyumba, na hakujua ametukanwa. Aliitafuna huku akitueleza kuhusu kabati zake. Firigisi, ambayo kwetu mwanamke hali, Senje aliniwekea mimi. "Leo kula wewe," alininong'oneza. "Mama angesema kula." Nilikula, Kukhu. Ilikuwa ngumu kidogo.

Jana aliliandika lori lako kwenye lile kundi. Limepatikana, ni halisi, la buluu. Hali: limeharibiwa kwa kusuguliwa, ekseli ya mbele si ya asili. Wale wale waliocheka wakaandika pole, wakaandika hasara, mmoja akaandika kwamba watu wa mashambani wasipewe vitu. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Niliandika jingine, nalo nikalifuta. Kisha nikatoka kwenye kundi, nikaja kuandika hapa, mahali ambapo halitafutika. Ekseli ya mbele, mabwana, ndiyo sehemu pekee ya lori hilo ambayo najua ilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nani, na ilimgharimu nini. Nyingine zote zilitoka kwenye mashine.

Na wewe pia nimekukasirikia. Niseme, kwa kuwa nimeanza. Mwavuli ulikuwa nyuma ya mlango. Ungemwita mtoto wako, ukamwonyesha kisiki, ukamaliza jambo hilo kwa dakika moja. Badala yake ulienda kuteka maji, ukamwacha akae na hilo swali mpaka mvi. Nimejaribu kukuelewa. Labda ulijua kwamba akiuona mwavuli hatacheza tena na lori bila kufikiria bega lako. Labda uliona kwamba mama hapaswi kuleta ushahidi kwa mtoto wake. Kama ni hilo, nalielewa, lakini silikubali. Ulitupa mzaha wa ubavu uliokwenda kazi, ukatuachia tuufumbue baada ya kuondoka kwako. Ningependa ungekuwa umekasirika hata mara moja. Ungekasirika mimi nisingekuwa na hasira yote hii peke yangu.

Lakini hiyo siyo habari niliyotaka kukumalizia.

Jumamosi hiyo hiyo, gari refu lilipoondoka, mvua ikaja kwa saa yake. Nilikuwa mlangoni naosha vyombo kwa maji ya paipu ya paa. Baba alitoka, amevaa koti lake la kanisani, ameshika mwavuli wako. Alipita karibu nami bila neno, akashika kijia cha kwenda nyuma ya nyumba, kando ya miwa, kule uliko. Alitembea polepole. Aliuzungusha mwavuli mkononi, mara moja, mara mbili, nikadhani anatafuta upande mzima ajikinge. Kumbe alikuwa anauweka ule uliolegea juu ya bega lake mwenyewe la kushoto. Upande mzima aliuelekeza kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaushikilia hivyo, mkono umenyooka, mpaka miwa ikamficha.

Pumzika, Kukhu. Lori liko juu ya kabati sasa, nje ya mkebe, magurudumu ya mbele yakiangalia mlango. Hasira niachie mimi. Bado nina kazi nayo.

Ni mimi mjukuu wako,
uliyempa upande usiovuja.